Nyumba ya Mlango Mmoja

Mukami alikuwa ametoa ufunguo mkobani, mfuko wa sukuma wiki ukining'inia kiwikoni, mlango wake ulipobishwa kutoka ndani. Mara tatu, polepole, usawa wa nyonga yake. Kisha mara mbili nyingine, chini zaidi, karibu na goti.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Celine na Austine walikuwa bado shuleni, mumewe Nalianya hatoki karakana ya reli kabla ya saa kumi na mbili, na kufuli alilolifunga mwenyewe asubuhi lilikuwa palepale kwenye komeo la nje. Akafungua. Vikombe viko mahali pake, kitanda kimekunjwa ukutani, viatu vya Austine viko chini ya ngazi. Kilichozidi ni harufu tu, ile harufu ya tope la mto lililokaa na takataka siku nyingi, nayo ilikuwa imejaa nyumba nzima ilhali madirisha yote yamefungwa. Akajiambia ni panya. Panya gani anayebisha hodi, hakujiuliza, maana mtu aliyehamia juzi hana haraka ya kutafuta kasoro nyumbani kwake.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya kujivunia. Mukami alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na hakuna kitu kilichomuudhi duniani kama nafasi iliyopotea. Aliweza kukaribishwa chai kwa watu, na kabla hajaketi ameshaona kwamba nyuma ya kochi kuna futi moja na nusu inayolala bure. Miaka tisa aliwachorea wenye mali maghorofa ya kupangisha, huku yeye na familia yake wakiishi chumba kimoja mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, mahali ambapo jua lilikuwa habari ya kusikia kwa wengine. Walipopata kijiploti chao kule chini Njiru, kando ya mto Nairobi, kipande chembamba ambacho kila mnunuzi alikitazama akacheka, Mukami alikaa na penseli miezi minne. Alianza kupima kutoka ukingo wa mto, akarudi nyuma hadi pale sheria inaporuhusu, na kilichobaki kilikuwa futi kumi na mbili kwa ishirini na mbili. Mwingine angeweka banda la kuku. Yeye aliweka familia. Ngazi ikawa kabati, kila kipandio droo. Kitanda cha wazazi kikakunjwa asubuhi na kuacha meza ya kulia. Watoto wakapandishwa darini, kwenye jukwaa la mbao lenye dirisha linalotazama mto, na bafu likabanwa chini ya ngazi, hata Nalianya, mtu wa Bungoma mwenye kimo cha mnazi, akasema anajua mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila hakuambiwa kwamba atainama kila asubuhi maisha yake yote.

Kwa jambo moja tu alibishana na Maingi, fundi wao. Maingi alitaka mlango wa pili, upande wa nyuma.

"Madam, nyumba ya mlango moja ni mtego," alisema. "Hata panya huchimba mbili."

Mukami akamweleza kwamba mlango unakula futi tatu za ukuta, na hapo ndipo rafu ya vyombo itakapokaa. Mmoja unatosha, nao ufungukie nje ili usile hata inchi moja ya ndani. Madirisha yote yatiwe nondo kwa ajili ya wezi. Maingi akaandika vipimo, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye mwenye neno.

Mlango wenyewe waliupata soko la Gikomba kwa Kilonzo, muuza milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa. Ulikuwa wa chuma, wa buluu, pamoja na fremu yake, imara kuliko mipya. Upande wa ndani, sehemu ya chini, rangi ilikuwa imechubuka mistari mistari. Upande wa nje ulikuwa na komeo zito la kutilia kufuli, na Maingi akauliza kama alikate. Mukami akamwambia aliache. Kila mama wa mitaa ya Eastlands analijua komeo la namna ile. Unapotoka kutafuta riziki na huna wa kukulelea, unawaachia watoto uji, unawakanya wasiguse jiko wala wasimfuate mtu, unafunga kwa nje. Mukami alikua akifungiwa hivyo Kaloleni, na kule Pipeline alimfungia Celine mara ambazo hakupenda kuzihesabu. Aliona aibu kwa jambo hilo, na alilifanya, kama walivyofanya wenzake wote.

Baada ya alasiri ile ya kwanza, kubisha kukawa desturi. Kila siku ikikaribia saa kumi, mara tatu juu, mara mbili chini. Kizingiti kikawa kinatoa unyevu hata siku za jua kali. Nalianya, ambaye kazi yake ni vyuma, alisema chuma kikipoa hulia, na maelezo hayo yalimtosha mpaka jioni moja wakila ugali, wote wanne wakiwa ndani, waliposikia komeo la nje likisogezwa. Alisukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Dakika chache baadaye ukafunguka kwa kidole. Alitoka na rungu akazunguka nyumba akiwatisha watoto wa jirani, ambao wakati huo walikuwa kwao wakila.

Kisha ikaja habari ya ramani. Mukami alikuwa ameitia kwenye fremu akaitundika ukutani, ndiyo picha pekee nyumbani humo. Asubuhi moja aliona mtu amechora juu yake kwa penseli watu wawili wadogo, wamesimama ndani, mbele ya mlango, mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Akamwita Celine akamgombeza kwa kujichora na mdogo wake juu ya kazi ya mama. Celine alikuwa darasa la tatu na hakuwa mwongo. Alisema si yeye. Akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, kwamba hata si mahali wanapochezea, hapo ndipo wanaposimama wale. Mukami alikuwa amechelewa kazini. Alifuta kwa raba akaondoka.

Yaliyofuata yalitokea Jumamosi moja ya Aprili, mvua imekazana tangu adhuhuri, Nalianya yuko zamu, na Mukami ameketi na watoto wakimenya njugu, komeo lilipoingia mahali pake huko nje, taratibu, kama linavyofungwa na mtu asiyetaka kuwaamsha walio ndani. Alisukuma. Alipiga kwa viganja. Aliita jirani, na mvua juu ya mabati ikaimeza sauti yake yote.

"Mama, miguu yangu iko baridi," Austine akasema.

Mukami akatazama chini. Sakafu ilikuwa kavu, kavu kabisa, lakini kwenye kuta zote nne, usawa wa kifundo cha mguu, palikuwa na mstari wa unyevu ulionyooka kuliko mstari wowote aliowahi kuuchora, na chini ya mstari huo rangi nyeupe ya ukuta ilikuwa imegeuka tope. Alipoutazama ulikuwa kifundoni, alipopepesa macho ulikuwa nusu ya muundi, na alipomnyakua Austine na kumsukuma Celine kwenye ngazi ulikuwa umeshafika droo ya pili, unapanda bila haraka na bila kurudi nyuma, na baridi ikipanda nayo, ikawa mtu akiuingiza mguu chini ya ule mstari anausikia uzito wa maji ambayo hayapo. Walijikunyata darini, wote watatu juu ya godoro la watoto, na Mukami akashika nondo za dirisha akazitikisa kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu, nondo ambazo alizichagua mwenyewe na kuzipanga mwenyewe kwenye karatasi, inchi nne kutoka moja hadi nyingine, ili kichwa cha mtoto kisipite, na hazikutikisika kwa sababu Maingi ni fundi mzuri, na nje ya nondo hizo mto ulionekana ukipita zake mbali, chini kabisa, haujapanda hata kidogo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hatari ilikuwa humo ndani alimo yeye na watoto wake, na kwamba yeye ndiye aliyehakikisha hakuna pa kutokea.

Huko chini kubisha kulianza, si mara tatu wala mbili tena, bali mfululizo, na kukwaruza pamoja nako, kucha juu ya rangi ya chuma. Kisha ikasikika sauti. Haikulia. Ilisema tu, kwa adabu ya mtoto aliyefundishwa kungoja, "Mama, tumekungoja."

Mstari ulifika ukingo wa godoro. Austine alianza kukohoa kikohozi cha mtu aliyepaliwa na maji. Mukami alikuwa ameshampigia simu Maingi, aliyekuwa akijenga mtaa wa pili, na hakujua kama alisikika. Alimwinua mtoto juu ya kichwa chake hadi mgongo ukagusa mabati, akamwambia Celine asimame wima, asimame wima tu, na hakuwa na la kufanya zaidi.

Mlango ulifunguka. Maingi alisimama pale akitiririka mvua, mkono wake ukiwa umejaa tope jeusi kutoka kwenye komeo. Hakukuta kufuli, alisema baadaye. Komeo lilikuwa limefungwa tu, na kwake lilisogea bila shida. Kufikia hapo kuta zilikuwa zimekauka, nyeupe kama siku ya kwanza.

Siku ileile watoto walipelekwa Pipeline kwa dada yake Nalianya. Nalianya alitaka mlango ung'olewe ukatupwe mtoni. Maingi, macho chini, akawaomba wangoje kwanza aje mama mmoja anayemjua, Bi Zuhura wa Majengo, anayekaanga bajia kwa riziki na kusomea watu kwa thawabu. Nalianya ni mtu wa kanisa na alinung'unika, lakini mfa maji haishi kutapatapa.

Bi Zuhura alikuja na chetezo chake na unga wa dengu bado uko kwenye mikono ya buibui. Alifukiza ubani, akasoma, akapita kila pembe, jambo ambalo katika nyumba ile halikuchukua muda. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni hadi mlangoni, ukajikusanya pale chini na kukaa. Bi Zuhura aliutazama kitambo, akakatiza kisomo, akafunika chetezo.

"Jini nalijua, mwanangu. Jini hufukuzwa," alimwambia Mukami kwa sauti ya chini. "Humu hamna jini. Humu mna mtoto kafungiwa."

Mukami akasema kwamba mlango huo unafunguliwa kila siku, kwa nini asitoke.

"Hukuwafundisha wako? Usimfungulie mtu, usimfuate mtu, ngoja mama. Basi naye anangoja mama. Maji yalimkuta akingoja." Akafunga kitambaa chake cha ubani. "Msiutupe huo mlango. Mkiutupa atabaki ndani na hana tena pa kutokea, na atakayelala humu atakuwa kama yeye. Mtafute aliyeufunga. Aje aufungue kwa mkono wake."

Mukami alienda Gikomba akimwogopa Kilonzo kana kwamba ndiye hakimu. Kilonzo hakuficha. Mlango ule, alisema, ulitoka kwenye nyumba za chini karibu na mto, zile zilizosombwa na mafuriko ya mwaka juzi. Mto ulipanda mchana watu wakiwa kazini. Nyumba zilizobaki zilibomolewa, na watu wakatawanyika, huyu Kayole, yule Mwiki, hakuna anayejua mwenzake yuko wapi.

"Lakini kuna mama hukuja hapa kila Jumanne," akasema. "Haulizi bei. Anashika milango tu, hii side ya ndani, halafu anaenda. Mimi humwacha tu."

Jumanne Mukami alimngoja. Alikuwa mama mwembamba, sweta ya kijani, mikono iliyochakaa kwa sabuni. Alipitisha viganja kwenye milango mmoja baada ya mwingine, chini, usawa wa kimo cha mtoto. Mukami alimkaribia akamwambia kwamba mlango wa buluu uko kwake. Yule mama hakushtuka. Aliketi palepale juu ya dirisha kuukuu, akauliza kama bado una ile mikwaruzo.

Jina lake lilikuwa Teresiah. Alikuwa akifulia watu nguo Buruburu, na siku ile ya mafuriko alimfungia mwanawe Wanyoike, wa miaka mitano, kama siku zote. Mvua ilipozidi aliwaza kurudi. "Nilikuwa nimebakisha blanketi moja," alisema. "Nikasema wacha nimalize." Alisema hivyo mara mbili.

Walifika Njiru siku ileile, saa kumi inakaribia. Nalianya na Maingi walisimama kando. Mukami alifunga mlango, akasukuma komeo, akarudi nyuma. Mara tatu, polepole, usawa wa nyonga, mlango ukabishwa kutoka ndani, na Teresiah akatoa sauti ambayo Mukami aliomba Mungu asije akaisikia tena. Lakini alijikaza. Alijifuta uso kwa sweta, na aliposema sauti yake ilikuwa ya mama yeyote anayetoka kazini.

"Wanyoike, ni mimi. Nimerudi."

Akavuta komeo, akafungua. Upepo wa baridi wenye harufu ya mto uliwapita wote. Teresiah aliinama, akanyoosha mkono, na vidole vyake vikajifumba polepole juu ya kitu. Hakuingia ndani wala hakuaga. Aligeuka akaondoka kwenye njia ya vumbi, mkono mmoja umeshuka kidogo, hatua zake fupi fupi, za mtu anayetembea na mtoto.

Nalianya alilia waziwazi. Maingi akaenda kuleta msumeno wa kukatia komeo. Mukami akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nyumba ilimwonea huruma, hewa ikawa nyepesi, ikanukia mbao na chokaa. Aliwaza kuwaita watoto jioni ileile. Akaurudisha mlango ili apige deki kizingiti.

Ulibishwa. Alikuwa amesimama ndani, peke yake, na kubisha kulitoka ubavuni pake. Mara mbili, chini kabisa, karibu na goti.

Alikumbuka penseli. Watu wawili, mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Alikumbuka ile sauti, tumekungoja, na alikumbuka alivyofuta kwa raba.

Alitoka mbio, akamkuta Teresiah barabarani, bado ameushika ule mkono usioonekana. Alihema, akamuuliza alikuwa amewafungia wangapi.

 Teresiah alitazama chini, pale mkono wake ulipoishia, kana kwamba hakutaka aliyeko pale asikie.

"Kulikuwa na kasichana ka jirani," alisema. "Miaka tatu. Kalikuwa kanacheza nje asubuhi, na Wanyoike alikuwa analia hataki kubaki peke yake. Nikakaingiza. Mama yake alikuwa ameenda sokoni, sikumwambia. Nilijua nitarudi mapema." Akashusha sauti zaidi. "Wanyoike tulimpata. Kadogo hakakupatikana. Mama yake anajua mto ulikachukua kakicheza nje. Yeye ndiye alinishika mkono kwa mazishi. Hata sasa tunaomba pamoja."

Mukami akamwambia kwamba mtoto hatatoka hadi mama yake aje, na kwamba mama hawezi kuja asipoambiwa. Alisema yeye pia ana watoto wawili ambao hawawezi kulala kwao. Alimwomba angalau jina la huyo mama.

"Nitamwambia," Teresiah akasema. "Nipe wiki moja. Nimwambie mwenyewe."

Akamwachia Mukami namba yake ya simu, akaenda zake na mwanawe.

Wiki ilipita, na mwezi ukapita. Simu ya Teresiah haikupatikana tena. Kilonzo alisema yule mama haji siku hizi, pengine amepata alichokuwa akitafuta. Nalianya na watoto wako Pipeline, chumba kimoja, ghorofa ya tano safari hii, na ramani ya nyumba ya Njiru imegeuzwa uso ukutani. Bi Zuhura alikataa kurudi. Neno lake lilikuwa lilelile, msiutupe.

Kila Jumanne Mukami huenda Gikomba kwa Kilonzo. Haulizi bei. Husimama kati ya milango akitazama nyuso za akina mama wanaopita, akitafuta yule asiyemjua kwa sura wala kwa jina. Na kila siku, saa kumi, huenda Njiru na kuketi kwenye kizingiti kwa nje, kwa kuwa amegundua kwamba yule mdogo akibisha bila kujibiwa, mstari huanza kupanda kutani. Basi hujibu. Humwambia kile ambacho kila mama wa mitaa ile amewahi kukisema kupitia mlango uliofungwa, akijua si kweli.

"Ngoja kidogo tu," husema. "Mama yuko njiani."

Na ndani, kwa muda, hunyamaza.